Re: Mama anakohoa, anapikia mkaa chumbani

Salaam mkuu, pole kwa kuuguza. Umesema mama anakohoa mwezi sasa, anapikia mkaa chumbani hapo Manzese, na dawa za dukani hazisaidii. Kwanza kabisa akapime TB: kikohozi kikifika wiki 2 hakisubiri, na vituo vya serikali hupima bure. Asipokuwa nayo, mwambieni daktari kwamba amepikia kuni na mkaa miaka yote. Moshi huharibu njia za hewa taratibu, hata kwa asiyevuta sigara. Mama yangu hakuulizwa, tukasema wenyewe.

Jiko lihamie barazani leo. Mkaa ulioshika huoni moshi wake, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliofunga milango. Sisi tulinunua mtungi mdogo wa gesi. Maharage tu bado ni mkaani, nje.