"Rahisi" ina mizigo miwili

Barua za wiki hii karibu zote zimeangukia neno moja la Kiingereza, "cheap". Msimu wa wageni ukikaribia huwa hivyo.

*Mwalimu, mwanangu wa gredi ya sita aliandika "The exam was cheap" akakatwa alama. Mtihani si ulikuwa rahisi? Naona mwalimu wake ana chuki naye. – Mzazi, Barani, Malindi*

Hana chuki, baba. Kosa ni letu sote tuliolitwisha "rahisi" mizigo miwili. Kwa Waarabu waliotupa neno hili, na wazee wengine wangali wakilitamka kwa kh, rakhisi ni kitu cha bei ndogo, basi. Kazi isiyo na taabu wao huiita "sahl", na hilo nalo tulilichukua, tukapata "sahali". Washairi wanalo mpaka leo. Sisi wengine tumeliacha likaota kutu, "rahisi" likabeba kazi zote mbili, na mtoto akifika kwenye Kiingereza anakuta kila kazi ina mtu wake: "easy" na "cheap".

Mfundishe kupima hivi. Kinyume chake kikiwa "ghali", aandike "cheap". Kikiwa "ngumu", aandike "easy". Kuna mtihani ghali? Ukisikia upo unaouzwa kwa bei ndogo, sentensi ya mwanao itakuwa sahihi, nawe uende polisi.

*Nauza vikoi ufukweni. Kibao changu kinasema "Very cheap kikoi, cheap price", lakini wageni wanapita tu. Sarufi ina kosa? – Mchuuzi, Malindi*

Sarufi ina kosa dogo: kikoi huwa "cheap", bei huwa "low". Kosa kubwa ni la biashara. Katika sikio la Mwingereza neno hili lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni bei ndogo. Wa pili ni uhafifu, kitu kilicholipuliwa. Akisema "cheap shoes", mara nyingi analalamika. Wewe unadhani unatangaza nafuu, yeye anasoma kwamba rangi itatoka kwa maji ya kwanza. Na hawa watu kwao pia rahisi huvunja upishi, wanajua.

Andika "affordable". Afadhali zaidi, andika bei yenyewe kwa tarakimu kisha unyamaze. Na hili hukuniuliza, lakini nitakwambia: usimtajie mgeni elfu tatu halafu ukamfuata mchangani ukishuka mpaka mia nane. Akifika hotelini akasema kikoi kilikuwa "cheap", hapo hakukisifu kikoi wala wewe.

*Ni "more cheaper" au "cheaper"? – Mwanafunzi*

"Cheaper". Nimelijibu hili mara nne mwaka huu. Msiponisoma, msiniandikie.

*Nashona kofia za vito hapa Langoni. Mteja mmoja aliigeuzageuza kofia akasema, "It's not cheap, but it's worth it." Amenitukana? – Mshonaji, Lamu*

Amekusifu, dada, tena kwa ustaarabu. Amesema bei si ndogo ila kofia inastahili. Kazi inayokula miezi ya sindano na macho isiitwe "cheap" hata kwa mzaha. Waachie wenye kofia za mashine. Akiuliza bei, mwambie "It's a fair price". Ukitaka neno la bei ndogo lisilo na doa, lipo: "inexpensive". Ni refu, lakini halimchafui mtu.

*Ni "I bought it cheap" au "cheaply"? – Msomaji, Watamu*

"I bought it cheap" ni sawa kabisa. "Cheaply" liweke kwenye utengenezaji: "cheaply made".

*Mwalimu, kwenye tamthilia mwanamume aliitwa "cheap", baadaye na mwanamke akaitwa hivyohivyo. Ni maana moja? – Binti, Mambrui*

Mbali kabisa, mwanangu. Mwanamume, hasa katika usemi wa Wamarekani, ameambiwa ana mkono wa birika. Mwanamke ametukanwa heshima yake, kama mtu anayesema kwa Kiswahili "mwanamke rahisi". Ndiyo maana vijana wa ufukweni wanaompigia mgeni kelele "My sister, cheap, cheap!" wananitoa jasho. Wao wanauza bangili, yeye hajui wanasema nani ni "cheap".

*Waitalia wetu hapa Malindi wakipata kitu cha bei ndogo husema "a buon mercato", kama kusema soko zuri. Kiingereza hakina kitu kama hicho? – Mwongoza watalii*

Hatimaye swali la mtu aliyefikiri! Kilikuwa nacho. Katika Kiingereza cha kale "ceap" lilikuwa jina la biashara, bila harufu ya bei ndogo. Wanaisimu hulirudisha kwenye Kilatini "caupo", mchuuzi au mwenye nyumba ya wageni, na Wajerumani kwa njia hiyo wana "kaufen", kununua. Waingereza wakisema "good cheap", biashara nzuri, mpaka karne ya 16 "good" ilipokuwa ikidondoka na "cheap" kubaki na maana yote peke yake. Wafaransa hawajadondosha kitu: "bon marché". Waholanzi nao wana "goedkoop".

Ukienda London utakuta mtaa wa Cheapside. Usitafute vitu hafifu huko. Lilikuwa soko kuu la mji, na pembeni mwake bado ipo Bread Street ya mikate na Milk Street ya maziwa. Jina la Copenhagen ya Denmark nalo maana yake ni bandari ya wachuuzi.

Na kwa kuwa umetaja Kiitalia, angalia "caro" yao: ni ghali, na pia ni mpenzi. "Dear" ya Kiingereza iko hivyohivyo, na Mwarabu akimwita mtu "ghali" anamaanisha azizi wake. Sisi tulilichukua neno, mapenzi tukayaacha forodhani.

Kuna na "chapman", mchuuzi, ambalo leo ni jina la ukoo. Walilikata likawa "chap", kwanza kwa maana ya mteja, baadaye jamaa yeyote. Kwa hivyo mzee wa Kiingereza akikuita "old chap" kule Casuarina, kwa asili ya neno umeitwa mteja wa siku nyingi. Muulize anauza nini.