Barua kwa mwanangu: wale dada wawili na gitaa linaloteleza

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Swali lako pia nimelipata, ingawa ulilichomeka mwishoni kabisa baada ya habari za kazi. Unasema umesikiliza albamu niliyokutumia, The Lion's Roar ya First Aid Kit, nyimbo ni tamu, lakini una dukuduku: wasichana wawili wa Sweden wanaimbaje kantri ya Marekani kana kwamba walizaliwa Nashville? Ukanichapa na methali kabisa: mwacha mila ni mtumwa.

Nilicheka. Methali hiyo si nilikufundisha mwenyewe?

Basi sikia. Johanna na Klara Söderberg ni ndugu, watoto wa Stockholm. Walianza kujulikana 2008 walipoweka YouTube video waliyojirekodi msituni, wakiimba wimbo wa kundi la Kimarekani la Fleet Foxes. Yaani walianza kwa kuimba cha watu, na hawakujificha. Albamu hii ni ya pili, ilitoka Januari 2012. Wakati huo Klara ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 19, Johanna alikuwa na 21. Walikwenda kuirekodi Omaha, Nebraska, kwa mtayarishaji Mike Mogis, na aliyepiga besi ni baba yao mzazi. Hapo kwa baba ndipo mimi nilipoanza kuwapenda, sikufichi.

Jibu lako limo katika wimbo wa pili, "Emmylou". Mwimbaji hamwombi mwenzake makubwa, anamwomba waimbe pamoja tu. Na anapoomba anataja watu: mimi nitakuwa Emmylou na June wako, wewe uwe Gram na Johnny wangu. Hao wote ni waimbaji wa kantri wa Marekani. Emmylou Harris ndiye aliyekuwa akimwitikia Gram Parsons, mpaka Gram alipofariki 1973 akiwa na miaka 26 tu. June Carter na Johnny Cash walikuwa mke na mume. June alitangulia Mei 2003, Johnny akamfuata Septemba. Sasa niambie, mwizi gani anayetaja jina la mwenye mali kwenye kiitikio?

Halafu kuna lile gitaa. Ulilisikia, najua, hukujua tu ni nini: linaitwa pedal steel. Linalala juu ya miguu yake kama meza, mpigaji ameketi nyuma yake. Mkono mmoja unachuna nyuzi, mwingine unatelezesha kipande cha chuma juu yake. Chini huko mguu unakanyaga pedali na magoti yanasukuma vishikio vinavyovuta nyuzi, basi sauti inapanda au inashuka katikati ya mlio, kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Sikiliza jinsi linavyoingia pale dada wanapopumua. Haliwakatizi.

Na wao wenyewe! Klara anashika sauti ya kwanza, Johanna anapanda juu yake. Mimi niliyeimba kwaya miaka yote ile nakwambia kulinganisha noti si kazi. Kazi ni kumaliza neno pamoja, kuifunga irabu kwa wakati mmoja. Wengine hufanya mazoezi miaka na bado kuna mmoja anayeburuza. Hawa wanafunga kama mlango mmoja. Nadhani ni kulala chumba kimoja utotoni, lakini hilo ni langu, usimnukuu mama yako.

Sisemi albamu nzima ni asali. "Dance to Another Tune" ni mzito kuliko unavyohitaji, mimi huuruka. "This Old Routine" ulinishangaza: mabinti wadogo vile wanaimba habari za ndoa iliyozeeka, watu wawili wamekaa pamoja na hawaonani tena. Nilikuwa tayari kuwabeza. Baba yako akapita, akasimama mlangoni mpaka ukaisha, akauliza, "Hao wameolewa lini?" "Blue" nao ni wa mwanamke aliyempoteza mwanamume pekee aliyempenda, na wameufunika kwa mdundo mchangamfu kiasi kwamba mara ya tatu ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikipigia makofi. "King of the World" wa mwisho ni shangwe tupu, mwimbaji Conor Oberst na bendi ya Felice Brothers wameingia humo. Baada ya upweke wote ule, kelele yao ilinifariji.

Narudi kwenye mila. Mwaka 2015 Emmylou Harris alikwenda Stockholm kupokea tuzo ya muziki ya Polar. Hawa dada wakasimama mbele yake wakamwimbia wimbo wake mwenyewe, "Red Dirt Girl". Video ipo, itafute. Usiwaangalie wao, mwangalie mama yule kwenye kiti chake, anavyofuta machozi. Mwenye mila yupo pale pale, na hakuonekana kudai chochote.

Sasa nataka uirudie, ila safari hii usiisikilizie kwenye spika ya simu, maana hiyo hulila lile gitaa lote. Vaa visikizio, anza na wa pili. Kiitikio kikija mara ya pili, mfuate Johanna tu, mwache Klara. Kisha niandikie, na swali uliweke mwanzoni mwa barua.

Baba yako anakusalimu. Anasema "This Old Routine" haumhusu.

Mama yako