Mikrobe za tumbo na unene

Yaya, umeuliza kama ni kweli mikrobe za tumbo (vile vidudu vidogo sana vyenye macho haioni) njo zinanenepesha mutu, juu unakula sahani moja na dada yako, bugali ya muhogo na sombe, wewe unaongeza kilo yeye hapana. Kuna ukweli ndani. Kule Marekani, 2013, labo ya mutafiti Jeffrey Gordon pale St. Louis walichukua choo cha mapacha, moja munene mwingine mwembamba, wakaingiza zile mikrobe kwa panya wenye hawana mikrobe hata moja, basi panya waliopata za yule munene wakaongeza mafuta mwilini, na chakula ni kile kile! Kisha wakawachanganya na panya wenye walipata mikrobe za yule pacha mwembamba ndani ya kizimba kimoja (panya wanakulaka mavi ya wenzao, njo vile mikrobe zinapita, pole kama uko mezani), hawakunenepa tena, lakini tu kama chakula kiko na nyuzinyuzi mingi na mafuta kidogo. Kwa mutu hiyo haijakuwa dawa ya unene bado, kwa hiyo ile unga ya kupunguza tumbo wanakuuzishaka hapa Kadutu achana nayo, maharagi na lengalenga zinalisha hizo mikrobe vizuri na bei haiumi.