Ukimwona Weird Al mahali, posti ieleweke bana

Wazee wa Weird Al, yule mwimbaji wa vichekesho wa Marekani, leo tuongee kidogo kuhusu hizi posti zetu za "nimemwona Al". Sisi tunaompenda huyu mzee tuko wachache, wengine Dar, wengine Nairobi, wengine wapo Marekani huko huko kwake, na raha yetu kubwa ndo hii, mmoja kamsikia kwenye katuni anayoangalia na mtoto, mwingine kamkuta kwenye swali la chemsha bongo, anatupia grupuni watu wanacheka. Sasa mimi ndo naweka ile orodha ya grupu ya kila mahali Al alipotokea, kwenye Excel, na nawaambia ukweli, nusu ya posti zinakuja na "AL!!!" na skrinshoti yenye ukungu, ukiuliza ni wapi hii, mwenye posti kashalala.

Kwa mlioingia juzi, Weird Al jina lake ni Alfred Yankovic, mtu wa California, kazaliwa 1959, kazi yake ni kuchukua wimbo wa mtu uliovuma, mdundo anauacha ulivyo, maneno anabadilisha yanakuwa kichekesho. "Beat It" ya Michael Jackson kaigeuza "Eat It" mwaka 1984, mambo ya kumbembeleza mtu ale chakula chake, na ikampa Grammy. Anapiga kodiani, ambayo sisi tuliokua na taarab ya Unguja majumbani wala haitushtui, ila kwa vijana wa Kimarekani wa miaka ile ilikuwa kituko tosha. Sasa hivi ana Grammy 5, na 2014 albamu yake ya Mandatory Fun iliingia moja kwa moja namba 1 kwenye chati ya Billboard. Hizi habari kubwa usihangaike kuziposti, kila mtu anazo. Tunachotaka ni yale madogo madogo, ya sekunde chache, ambayo mtu akienda kuchukua maji jikoni yamempita.

Mfano, ile filamu ya vichekesho The Naked Gun ya 1988. Usiandike tu "Al yumo". Andika ni pale mwanzoni, yule askari Frank Drebin anashuka kwenye ndege, waandishi wamejazana, jamaa anadhani wamemfuata yeye basi anaanza kuwafokea kwa uchungu kabisa, mpaka mwenzake anamwambia hawajaja kwa ajili yako, wamemfuata Weird Al, naye yumo humo humo kwenye ndege. Hapo hata aliyeiona filamu zamani anakumbuka, na asiyeiona anajua pa kuangalia. Tena ukiandika hivyo, mwingine atakumbusha kwamba yumo pia kwenye ya 1991 na ya 1994, na hapo ndo stori inanoga. Dakika nazo andika, ila sema umeangalia kopi gani, maana zile zinazorushwa kwenye TV zinakatwa katwa, dakika yako na yangu hazitakutana.

Ugomvi mwingine ni saa. Wenzetu wa Marekani wanaandika "leo saa 2 usiku atakuwa kwenye kipindi", leo ya nani? Saa 2 usiku ya New York kipindi cha joto ni saa 9 usiku kwetu, na kwetu tarehe imeshageuka, na ya Los Angeles ni saa 12 asubuhi tunapanga foleni ya bafuni. Andika mji, andika tarehe, sisi tutajihesabia.

Halafu hakikisha ni yeye. Hili ndo linanichosha kuliko yote. Picha za zamani ana masharubu na miwani, 1998 akafanyiwa operesheni ya macho ya leza, miwani ikaondoka na masharubu akanyoa, zikabaki zile nywele ndefu za mawimbi. Kwa hiyo ukiletewa picha "ya Al 1985" hana miwani wala masharubu, jiulize mara mbili. Na tangu itoke ile filamu ya 2022, Weird: The Al Yankovic Story, watu wanaleta picha za Daniel Radcliffe, mwigizaji aliyemuigiza Al humo, kavaa wigi na shati la maua wanasema Al alivyokuwa kijana. Sio yeye! Ila sauti inayoimba humo ni ya Al mwenyewe, Radcliffe anafuatisha mdomo tu, na Al kwa sura yumo pia ila kacheza bosi wa kampuni ya rekodi. Kwenye orodha yangu hiyo filamu imekula mistari miwili, mmoja wa sura na mmoja wa sauti.

Na msije mkaichukua kama historia, jamani. Mambo ya kutoka na Madonna na kupambana na Pablo Escobar, yule bosi wa dawa za kulevya, ni utani, yeye mwenyewe kashiriki kuuandika. Kinachochekesha ni kwamba kitu kinachosikika kama uongo ndo cha kweli, wimbo wake "My Bologna" wa 1979 kweli aliurekodi chooni, kwenye choo cha chuo alichokuwa anasoma, kwa sababu mwangwi wa mle ulikuwa mzuri.

Nyimbo ndo balaa. Enzi za Napster na Kazaa, zile programu za watu kugawiana nyimbo kwenye mtandao, kila wimbo wa vichekesho ulikuwa unabandikwa jina lake, na mafaili yale bado yanazunguka mpaka leo kwenye simu za watu. Mimi nasikiliza maneno kwanza, kama kuna matusi ya nguoni naliweka pembeni, kwa sababu huyu mzee miaka yote anajulikana kwa nyimbo ambazo unaweza kuziweka na watoto wamekaa sebuleni. Kama hakuna matusi, natafuta wimbo kwenye albamu zake, nisipouona nauliza grupuni kabla sijauingiza.

Za sauti tupu, kama katuni, taja mhusika. Kwenye Milo Murphy's Law ndo Milo mwenyewe, kwenye BoJack Horseman ni kaka yake Mr. Peanutbutter, sasa ukiandika "Al yupo BoJack" mtu ataangalia sizoni nzima akitafuta nywele.

Klipu kata fupi, sekunde ishirini zinatosha, bando za watu sio za mchezo, na kama kipindi kimetoka jana usitoboe siri kwenye mstari wa kwanza.

Walioko huko wakikutana naye ana kwa ana, uwanja wa ndege au wapi, msalimieni, mshukuruni, basi. Akiwa mezani na familia yake, picha usipige, na ukiipiga kwangu haiingii kwenye orodha hata uniite majina yote. Shoo ni tofauti, hapo piga unavyotaka kama ukumbi unaruhusu, ila naomba mtuletee kipande cha kodiani, sio dakika tano za kisogo cha mtu aliyekaa mbele yako.