"Sharp" si "kali" kila mahali: jibu kwa mleta uzi

Mleta uzi ameuliza neno "sharp" la Kiingereza limetoka wapi, na imekuwaje liwe la kisu, la saa, la muziki na la mtu mwerevu kwa pamoja. Mimi ni mtafsiri, na neno hili limeshaniumbua, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Nikiwa bado mgeni kwenye kazi nililetewa hati ya kisheria yenye maneno "sharp practice". Kichwani "sharp" ni kali, "practice" ni mazoezi. Nikaandika "mazoezi makali", nikatuma, nikalala usingizi wa pono. Kesho yake mteja akaniuliza kama wahusika wanatakiwa kupiga push-up kabla ya kutia saini. Kumbe ni ule ujanja wa kibiashara ambao huwezi kumfunga mtu kwa ajili yake, ila uungwana hauna tena. Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kufukua.

Kwenye Kiingereza cha kale liliandikwa "scearp", na hiyo "sc" ilikuja kutamkwa "sh". Ndugu zake wapo: Wajerumani wana "scharf", Waholanzi "scherp", Waswidi "skarp". Hiyo f ya Kijerumani isikusumbue, ndiyo kawaida yao pale Kiingereza kilipobaki na p: "ship" kwao ni "Schiff", "sleep" ni "schlafen". Wanaisimu wengi wanaurudisha ukoo huu kwenye mzizi wa kale sana wenye maana ya kukata. Mzizi huohuo ndio unaotajwa kuzaa "shear", yaani kukata manyoya ya kondoo, na "short", maana kilichokatwa hubaki kifupi. Ukazaa na "shirt". Waviking walipovuka bahari kwenda Uingereza walikuwa na neno lao la nguo hiyohiyo, ila wao walishikilia "sk", na Waingereza wakaishia kuwa na "skirt" pia. Sasa angalia kabati lako: shati na sketi, yote mawili tumeyachukua kwa Waingereza, ni mtu na ndugu yake, na kisu kikali ni binamu yao. Hapa huwa nacheka peke yangu.

Tukirudi kwenye maana. "Kali" yetu na "sharp" yao zinakutana kwenye makali ya kisu, halafu kila moja inashika njia yake. Ya kwetu imeelekea kwenye nguvu na hasira: jua kali, mbwa mkali, mwalimu mkali, dawa kali. Huwezi kusema "sharp dog" ukimaanisha mbwa anayeng'ata. Kwenye pilipili tunaelewana na Mjerumani, naye huiita "scharf", wakati Mwingereza anasema ya moto. Na hata kwenye kukata, sisi tunatenganisha: kisu kinanolewa, penseli inachongwa. Kwao yote ni "sharp", iwe makali au ncha.

Ya kwao imeelekea kwenye usahihi na akili. Akili inayopenya jambo, picha ambayo mistari yake haijafifia, kona inayogeuka ghafla, suti iliyomkaa mtu sawasawa (sisi tungesema amepiga pamba). Kutoka kwenye werevu ni hatua moja tu kufika kwenye utapeli, ndiyo maana "sharper" ni tapeli wa karata, na ndiyo maana nikaumbuka kwenye hati ile. Ya saa nayo ni usahihi: "ten sharp" ni saa nne kamili, wala si saa nne kali kama nilivyowahi kuona kwenye tafsiri moja (safari hiyo si yangu, namshukuru Mungu).

Muziki hauna mengi: noti ikipandishwa nusu toni ni "sharp", ikishushwa nusu toni ni "flat". Lugha ya programu za kompyuta iitwayo C# (inasomwa "C sharp") imechukua jina lake hapo.

Kuna aliyetania kwamba yeye neno hili alilijua kwenye redio ya kaseti. Si mbali na ukweli! Kampuni ya Sharp ya Japani ilianzishwa na Tokuji Hayakawa mwaka 1912, na jina lilitokana na penseli ya risasi ya kusukuma aliyoibuni mwaka 1915, isiyohitaji kuchongwa.

Aliyeuliza kama "keen", ambalo nalo Waingereza hulitumia kwa makali na kwa akili, ni ndugu yake: hilo lina asili nyingine kabisa. Zamani lilikuwa neno la ushujaa, na "kühn" ya Kijerumani bado ni jasiri hadi leo.

Siku hizi nikikutana na "sharp" najiuliza kwanza kinachokatwa ni nini. Kama ni nyama, naandika kali. Kama ni shaka au ukungu, natafuta neno lingine. Ile "sharp practice" niliishia kuiandika "hila za kibiashara", mteja akalipa bila neno.