Kuwa ndani ya Kristo: jibu kwa ndugu aliyeuliza "mbona sibadiliki?"

Ndugu yangu uliyefungua uzi huu, nimelisoma swali lako mara tatu kabla ya kuandika. Unasema umehamia Unguja kikazi kutoka bara, ni Mkristo tangu utoto, na kuna mhubiri aliyekufundisha usimame kila asubuhi mbele ya kioo utamke "mimi ni mwana wa Mungu, mimi ni kiumbe kipya". Miezi minne sasa. Hasira ni zile zile, na unauliza kama kweli umeungana na Mungu au unajidanganya. Nakujibu kwa niliyoyapitia, maana swali lako liliwahi kunikamata na mimi, tena nikiwa mtu mzima.

Nilikuwa mhasibu kwenye hoteli moja huko kaskazini kwa miaka 14. Siku moja fedha zikapotea, na sisi watatu tuliokuwa na funguo za kasha tukaambiwa tusirudi. Baadaye aliyechukua alijulikana, lakini hakuna aliyetuita kututaka radhi. Mshahara uliniuma, ila kilichonimaliza ni kingine. Nikipita sokoni Darajani naona kila anayenitazama ananiita mwizi moyoni. Ndipo nikajua kwamba miaka yote ile nilikuwa kwanza "mhasibu wa hoteli", Ukristo ukifuata nyuma. Kile cha kwanza kilipoondolewa, sikujua tena mimi ni nani. Nilitamka mistari pia, ndugu yangu, sana. Ilikuwa kama kupuliza mkaa uliolowa.

Siku hizo nikawa naingia Kanisa Kuu la Mkunazini katikati ya wiki, jioni, watalii wakishapungua. Kama bado hujafika, ujue kwamba limejengwa pale lilipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko hilo mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia, na amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe, limezungukwa na nyekundu. Tunaelezwa kuwa hapo ndipo uliposimama mti ambao watu walifungwa wakachapwa mijeledi. Nimelipita duara hilo tangu kipaimara changu bila kulitazama sana.

Jioni moja nililitazama. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Mbweni, kwenye shamba ambalo UMCA, misheni ya Kianglikana, iliwaweka watumwa waliokombolewa, na bibi yake yeye aliletwa pale akiwa mtoto, ametolewa kwenye jahazi la watumwa. Kabila lake hakulijua. Kijiji hakukijua. Katika lugha ya kwao alibakiwa na neno moja tu, la kuitia kuku, na bibi alikuwa bado analitumia uani kwetu. Mtoto yule alikuwa na bei tu mpaka siku alipobatizwa. Hakujichagulia jina wala hakujitangaza mbele ya kioo. Alishikwa mkono, akapelekwa kwenye maji, akaitwa kwa jina, na watu waliokuwepo wakaanza kumwita hivyo. Pengine usiku ule aliota bado yuko jahazini. Kuota huko hakukumrudisha utumwani.

Hapo ndipo nilipouelewa Warumi 8:15, mstari niliokuwa naujua kwa kichwa: "hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu, bali mlipokea roho ya kufanywa wana." Angalia neno "mlipokea". Mwaka 1890, hapa hapa Zanzibar, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa akakombolewa na kusomeshwa Kiungani, shule ya misheni hiyo, aliwekwa wakfu kuwa kasisi. Jina lake nalipenda mno. Majaliwa ni kitu ulichojaliwa, ulichopewa bila kukifanyia kazi.

Basi kosa, kwa maoni yangu, liko katika kudhani kwamba kutamka ndiko kunakotuunganisha. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na shamba dogo Machui, na alikuwa fundi wa kubebesha michungwa. Anachukua mche wa mlimau, anachana gome lake kama herufi T, analifungua kwa ncha ya kisu. Kisha anakata jicho la mchungwa, dogo kama ukucha, analitelezesha chini ya gome na kulifunga kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki tatu hivi anafungua. Jicho likiwa kijani, limeshika. Nilikuwa mtoto, kila siku nataka kufungua nione. Akinikataza: "Liache. Haliungi kwa kutazamwa."

Mtume Paulo ameutumia mfano wa kupandikiza katika Warumi 11. Mambo mawili ya kisu kile hayaniondoki. La kwanza, jicho likishashika linaishi kwa maji ya shina lisilo lake, na bado linabaki jicho la mchungwa. Halimezwi. Vivyo hivyo, kuungana na Kristo hakukufuti wewe, wala hakukugeuzi kuwa Mungu. La pili, anayechanwa kwanza ni shina. Jeraha la shina ndilo mlango wa jicho kuingia. Nikikumbuka hilo mbele ya msalaba huwa sina maneno.

Jambo la kutogeuka Mungu nalisisitiza kwa sababu utaulizwa. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kiislamu tunayepelekeana futari Ramadhani na pilau Krismasi, aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwenzangu, mkisema Mungu yu ndani yenu, si mnajifanya miungu?" Nikamwambia hapana, Bi mkubwa, kiumbe anabaki kiumbe. Tunachosema ni kwamba Mungu alitujia kwa Mwanawe, na anayemwamini anaunganishwa naye, anaishi kwa uzima ambao si wake. Hakukubaliana nami, nami sikutarajia. Lakini alinifanya nijue ninaamini nini hasa, na namshukuru mpaka leo.

Sasa hasira zako. Wakolosai 3:3 inasema uhai wetu "umefichwa pamoja na Kristo katika Mungu". Umefichwa, ndugu yangu. Usishangae kutouona kwenye kioo. Lakini soma pia aya zinazofuata: Paulo anawaambia watu hao hao waliokwisha kuunganishwa wavue hasira, ghadhabu na matukano. Anawaagiza kwa sababu tayari wamo ndani, si ili waingie. Ukilipindua hilo utachoka bure, kama nilivyochoka mimi.

Fanya hivi. Chukua penseli, fungua Waefeso 1 kuanzia aya ya 3 mpaka ya 14, piga mstari kila penye "katika Kristo", "katika yeye", "katika huyo". Kisha angalia nani anatenda: aliyebariki ni Mungu, aliyechagua ni Mungu, aliyetia muhuri ni Mungu. Acha kioo kwa muda. Nenda ukashiriki Ekaristi hata wiki usiyojisikia, hasa wiki hiyo. "Kaeni ndani yangu" ya Yohana 15 waliambiwa watu ambao usiku ule ule wangemkimbia, naye alijua. Na mtafute padri au mzee wa kanisa umweleze hizo hasira kwa majina yake, usiende nazo peke yako.

Mimi sikurudi hotelini. Nafanya hesabu za wafanyabiashara wadogo, kipato ni kidogo. Darajani bado kuna anayenitazama vibaya, na siku nyingine inaniuma. Nikifika nyumbani naita kuku kwa lile neno la bibi.

Ukija Mkunazini Jumapili, pale mwishoni karibu na mlango mkubwa kuna nguzo zilizosimikwa juu chini, mafundi walizigeuza Askofu Steere alipokuwa safarini, akaziacha vivyo hivyo. Nakaa hapo. Uliza tu mwenye kilemba cha buluu, tutaenda wote mbele.