Re: Kwa nini mvinyo wangu kwenye glasi unatoka mweusi?

Mkuu, umesema ukipaka mvinyo mwekundu kwa rangi za mafuta unatoka mweusi tii kama wino hata uongeze nyekundu kiasi gani. Shida sio nyekundu, shida unaipaka nzito mara moja halafu glasi inakosa mwanga. Anza na ukuta wa nyuma, upitishe hadi ndani ya glasi kana kwamba haipo, sehemu ya mvinyo weka kahawia nyepesi ya joto uache IKAUKE kabisa, hata wiki, ndo uje na alizarini (nyekundu iliyokoza inayopitisha mwanga) nyembamba uliyoilainisha kwa mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, tabaka mbili tatu. Angalia pia mwanga: ukitoka kushoto, mvinyo unakuwa giza kushoto na unawaka kama kaa la moto upande wa kulia chini, hapo usifunike sana aisee. Mcheki Willem Claesz. Heda, mchoraji Mholanzi wa Haarlem wa miaka ya 1630, glasi zake karibu zote ni rangi ya ukuta tu, na kale kadirisha keupe kanakong'aa juu ya kioo, yaani mwanga wa dirisha unaoakisiwa. Hiyo nyeupe ya kadirisha iweke mwisho, nzito, mguso mmoja, usiisugue.